Halua ya Mtu wa Tyseley

Jumamosi, 11 Januari 2003

Muhula mpya wa masomo ya ziada umeanza leo. Kamati ya jumuiya yetu imenikabidhi tena funguo za ukumbi, nami nimeona niandike yatakayopita, kama nilivyozoea nilipokuwa mkaguzi wa shule Unguja. Ukumbi uko juu ya duka la vitambaa la Bibi Kulwinder, hatua chache kutoka Barabara ya Soho, Handsworth, huku kwa Waingereza. Ngazi ni nyembamba. Mabomba ya joto yakianza kupata moto hugonga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Mwalimu wa mwaka huu ni Shemsa binti Saleha. Anasoma uhandisi chuo kikuu na anakaa Selly Oak, upande wa pili wa mji, katika nyumba moja na wanafunzi wenzake. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake, Saleha, nilimfundisha mimi, Unguja, kabla sijawa mkaguzi, na sikupata tena mwanafunzi aliyesoma kwa sauti vizuri kama yeye. Binti amechagua kuwafundisha watoto habari za sauti: inavyotoka, inavyosafiri, inavyorudi. Nilimwambia kwamba watoto hawa wanahitaji hesabu za mtihani.

"Hesabu wanapewa shuleni, Mwalimu. Hapa waje wapate cha ziada."

Amekuja na suruali ya dengrizi, amechelewa basi, na ananijibu kabla sijamaliza sentensi. Sikupendezwa. Watoto humwita "Misi". Mimi huwafundisha maamkizi ya Kiswahili kabla hajafika. Wananielewa vizuri sana na kunijibu kwa Kiingereza. Ladan, binti wa Bi Fadumo, hajapata kutamka neno hata moja la Kiswahili. Mdogo wake, Dagane, hutamka yote, na yote kwa makosa.

Jumanne, 14 Januari

Bwana Amour, ami yake Shemsa, amepiga simu kutoka Maskati. Saleha amefariki alfajiri ya leo, Unguja. Moyo. Wamemzika baada ya sala ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Shemsa asiambiwe. Kwetu habari ya kifo cha mzazi haipelekwi kwa simu. Huletwa na mtu wa damu, akaingia ndani, akaketi, akamshika mfiwa mkono, ndipo akasema. Binti huyu hana mtu wa damu nchi hii. Bwana Amour anaomba viza. Atakuja mwenyewe juma lijalo. Mpaka hapo mimi ndiye mwangalizi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa marehemu. Nimekubali. Nimewaarifu wenzetu wote wa Handsworth, na wote wamekubali. Ni jambo la heshima na lina utaratibu wake.

Ijumaa, 17 Januari

Tumemsomea Saleha hitima ukumbini baada ya sala ya isha. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Bi Fadumo alileta wanawe. Maisara, binti yangu, alipika kahawa na halua, na alipokuwa akifukiza udi aliniuliza, "Baba, tunamsomea mama wa mtu, na mwenyewe yuko Selly Oak anatazama televisheni?" Nikamwambia afukize.

Jumamosi, 18 Januari

Nilifika mapema nikafungua madirisha yote. Udi haukutoka.

Shemsa alipofika katikati ya ngazi nilimsikia akivuta pumzi kwa nguvu. "Shikamoo, Mwalimu. Udi! Jana mlikuwa na harusi, hamkunialika?"

"Marahaba. Hapakuwa na harusi. Ilisomwa hitima."

"Ya nani?"

Sikuwa nimejitayarisha. Sijui jina la mtaa huo lilinijia kutoka wapi. "Mtu wa Tyseley. Humjui."

"Mungu amrehemu," akasema. Alisema kwa adabu, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofunzwa na mama yake. Kisha akaingia jikoni kuweka chai na akaiona sinia iliyofunikwa. Alitokea mlangoni ana kipande cha halua mkononi, anatafuna. "Ya kwetu kabisa! Lakini mama angeikataa. Angesema, iliki imezidi, huyu mpishi ana hasira na mtu." Akacheka. Akakata kipande cha pili.

Watoto walikuwa wamekwisha kukaa. Wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyecheka. Wote walikuwepo jana.

Jumatano, 22 Januari

Viza ya Bwana Amour bado.

Jumamosi, 25 Januari

Shemsa amefurahi. "Mwalimu, umewafanya nini watoto? Wamekuwa malaika. Dagane amenifutia ubao bila kuambiwa." Ladan alimletea chokoleti katika karatasi ya dhahabu. Somo la uzi na vikombe lilikwenda vizuri: mtoto mmoja ananong'ona ndani ya kikombe pembe hii, mwenzake anamsikia pembe ile. Lazima niseme kweli, anafundisha vizuri. Hasemi sana. Anauliza, kisha anangoja.

Kabla hajafika, Ladan alinijia mezani. Alisema kwa Kiingereza; naandika kwa Kiswahili alichosema. "Kwa nini sisi tunajua na Misi hajui? Ni mama yake."

Nikamweleza utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huo si utaratibu, ni uongo," akarudi kitini kwake. Mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Dagane akauliza, "Akishajua, tumwambie nini?" Hilo ni swali sahihi, nikalijibu. Niliwafundisha: mfiwa huambiwa "makiwa", naye hujibu "tunayo". Maana yake, tumeyapokea, tunayo. Mpaka ajibu hivyo, neno lako halijapokelewa. Nikawaonya wasilitamke mpaka aambiwe.

Alhamisi, 30 Januari

Theluji. Sikutoka.

Jumamosi, 1 Februari

Theluji imeganda barabarani. Mabasi yanatambaa. Nilidhani hatakuja, alikuja kwa miguu kutoka mjini, pua imekuwa nyekundu.

Alikaa karibu na bomba la joto kabla ya somo akaniambia, "Mwalimu, nyumbani kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Kila nikipiga simu napokelewa na mama mdogo. Mama yuko Pemba, anauguza mtu, huko hakuna mtandao. Mama'ngu haendi Pemba. Akiiona boti tu anatapika." Alikuwa anakunja na kukunjua kadi yake ya simu. "Na nimemwota. Kasimama jikoni kwetu Selly Oak, kanipa mgongo, anachagua mchele. Namwita, hageuki. Anachagua tu, mawe anayatia mfukoni."

Nilimwambia ndoto za baridi hazina maana. Aliinua macho kutoka kwenye kadi. Ana macho ya Saleha. Sikuwa nimeyaona hivyo mwanzoni, kwa sababu ya suruali.

Wakati wa somo Dagane alikuwa akinong'ona peke yake. Shemsa alimsogelea. "Unasema nini, bwana mdogo?"

"Makiwa," akasema Dagane. Alikuwa anajizoeza.

Shemsa alisimama na chaki yake. "Neno gani hilo la kuchezea? Nani kafa?"

Nikasema kutoka nyuma, kwa sauti yangu ya ukaguzi, kwamba nimewafundisha maneno ya msiba kwa sababu ya yule mtu wa Tyseley. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na somo. Hii ni mara ya pili nimemtumia mtu huyu. Anaanza kuwa na uso.

Jumatano, 5 Februari

Feisal, mwanafunzi aliyekuwa likizo Unguja, ameleta kifurushi nyumbani. Saleha alimpa siku chache kabla ya kufa. Kijana akapitia Dar es Salaam akakawia huko. Ndani mna achari, fulana ya sufu iliyofumwa kwa mkono, na kaseti. Saleha hakupenda kuandika barua, yeye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko darasa zima. Tangu binti aje huku, humpelekea sauti.

Maisara anasema tusimpe, itakuwa kumdhihaki. Mimi nimesema amana ni amana; hufikishwa kwa mwenyewe. Nimeiweka juu ya kabati. Nimekula chakula cha mchana nikiitazama.

Jumamosi, 8 Februari

Nilimpa kifurushi mlangoni. Aliikumbatia fulana akainusa. "Unaona? Mzima! Pemba, Pemba, nami nimeshajitisha bure." Niliingia ndani nikakaa mahali pangu nyuma. Nilidhani ataichukua kaseti aende nayo nyumbani.

Leo lilikuwa somo la kuitazama sauti. Alikuja na kompyuta yake ya kupakata na redio ndogo ya kaseti, akaviunganisha kwa waya. Aliwaita watoto mmoja mmoja waseme majina yao, na kwenye kioo ukatokea mstari wa kijani, unapanda na kushuka. Walifurahi. Dagane alipiga chafya makusudi ili aione.

Kisha Shemsa akasema, "Sasa nitawaonesha sauti nzuri kuliko zote." Akaitia kaseti.

Nilijua anachofanya, na nilikuwa na muda wa kusimama. Sikusimama.

"Shemsa mwanangu, asalamu aleikum. Huku salama. Kuku wa jirani wanaingia jikoni kama wamezaliwa humo. Umekula? Usinambie biskuti."

Ilikuwa sauti ile ile. Imekuwa nzito kidogo, lakini nilimwona msichana wa sare ya bluu akisimama katika safu ya tatu, kitabu mikononi, akingoja nimwambie endelea. Mabomba ya joto yalianza kugonga.

"Mnaona?" akasema Shemsa, akielekeza kidole kwenye kioo. "Hapa anacheka, milima mifupi mifupi. Hapa mstari umelala. Mnajua kwa nini? Hapa anavuta pumzi."

Watoto waliutazama mstari uliolala. Hakuna aliyepumua.

"Wiki hii ngazi zimenishinda," ikasema sauti. "Nikifika katikati nakaa kitako. Nakwambia mwenyewe, usije ukayasikia kwa watu."

Ladan aliinuka, akaangusha kiti, akakimbilia ngazini. Wadogo wawili wakaanza kulia. Shemsa aliizima kaseti, akageuka huku na huku, anacheka na hataki kucheka. "Jamani! Mama'ngu anatisha hivyo? Mwalimu, wana nini leo?"

Nikasema wamechoka.

Nimeandika hayo yote kwa utulivu. Sasa naandika jambo ambalo silielewi. Baada ya wote kuondoka nilifagia, nikafunga madirisha, nikazima taa, na nilipokuwa nafunga mlango nilisikia ndani mtu akivuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza kusoma. Sikufungua tena.

Jumanne, 11 Februari

Idi. Shemsa alikula kwetu. Alipiga simu Unguja asubuhi nzima kwa kadi mbili. Mama hakupatikana. Maisara alilia jikoni juu ya pilau, akasingizia vitunguu.

Alhamisi, 13 Februari

Nilishuka dukani kulipa umeme. Bibi Kulwinder alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake ni cha huko, nimeacha kumsahihisha. Alikuwa anapima satini.

"Mwalimu, hapo juu mnafanya nini na hiyo msichana?"

"Anafundisha."

"Najua anafundisha. Jumamosi ile katoto ka Fadumo kalikuja kujificha hapa chini ya meza, kanalia. Kakaniambia yote." Aliikata satini kwa mkono mmoja. "Baba yangu alikufa Kisumu, mimi niko hapa. Wakaniambia yuko hospitali, yuko hospitali. Miezi. Nilikuwa natuma dawa, Mwalimu! Dawa ya maiti! Wewe unajua mimi mpaka leo nakasirikia nani? Si Mungu."

Nikamwambia desturi zetu si zao.

"Eeh? Basi ni za nani, kama sisi wote tunazo?" Akanipa risiti.

Jumamosi, 15 Februari

Ukungu. Shemsa alinionesha viatu vya manyoya alivyomnunulia mama yake sokoni mjini, vya kuvaa ndani ya nyumba, kwa sababu sakafu ya saruji humuumiza miguu. Anataka kwenda nyumbani likizo ya Pasaka. Aliniuliza kama rangi ya zambarau inamfaa mtu mzima.

Nikasema inamfaa.

Ladan amerudi darasani, lakini hanitazami. Nikimwamkia anatazama ukuta nyuma yangu kama pana mtu mwingine. Nimegeuka mara mbili.

Alhamisi, 20 Februari

Viza ya Bwana Amour imekataliwa. Anataka kuomba upya. Labda mwishoni mwa Machi. Arobaini ya Saleha ni Jumamosi hii, na hitima itasomwa ukumbini baada ya masomo.

"Tutasema ya nani safari hii?" nilimwuliza kwenye simu. "Mtu wa Tyseley amekwisha kusomewa."

"Mwalimu, usinifanyie mzaha. Mimi ndiye walii wake. Neno hili ni langu."

"Ni lako. Lakini mama yake anafika arobaini, na mwanawe hajalia hata siku moja. Amekosa mazishi, amekosa hitima ya siku ya tatu. Hii nayo aikose, abakiwe na nini?"

"Huna haki ya kumwambia."

"Sina," nikasema. "Nitamwambia."

Alikata simu. Tumejuana tangu ujana.

Jumamosi, 22 Februari

Nilimngojea chini, mlango wa barabarani, ili asipande akakuta masinia. Alikuja amevaa ile fulana ya sufu. Aliona uso wangu akasimama njiani, basi likimpita nyuma.

Nilimpandisha mpaka jikoni, nikafunga mlango. Aliketi. Mimi si mtu wa damu yake, lakini nilimshika mkono. Nilikuwa nimetunga maneno usiku kucha, maneno mazuri, yenye aya. Yakanitoka manne tu.

"Shemsa, mama yako amefariki."

Hakupiga kelele. "Lini?"

"Januari, tarehe kumi na nne."

Niliona akirudi nyuma siku moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani kwa kupapasa. Akafika alipofika, akasimama.

"Ule udi."

"Ndiyo."

"Halua ile."

"Ndiyo."

"Na mtu wa Tyseley?"

"Hakuna mtu wa Tyseley."

Aliutoa mkono wake katika mkono wangu, si kwa nguvu, akauweka mdomoni, kana kwamba ladha ingalipo. "Nilisema iliki imezidi," akasema. "Nilicheka." Kisha: "Nani alijua?"

"Wote."

"Watoto?"

Niliinamisha kichwa. Akafumba macho. "Ndiyo maana walikuwa malaika."

Ndipo akalia. Maisara alikuja akanisukuma kando, akamkumbatia, nami nikatoka. Sauti ile ilivuka mlango na kuufikia ukumbi mzima. Watoto walikuwa wamekaa vitini na mikono mapajani. Hatukuwa na la kufanya ila kuisikia.

Wanawake walipofika na masinia, Shemsa alikuwa amekaa kwenye zulia karibu na dirisha, amejifunga kanga ya Maisara kichwani. Watu wazima walisita mlangoni, kila mmoja akimtanguliza mwenzake. Bi Fadumo alitazama viatu vyake. Ladan akapita katikati yao, akaenda akapiga magoti mbele ya mwalimu wake, na kwa Kiswahili ambacho sijapata kumsikia nacho akasema, "Makiwa, Misi."

Shemsa alimtazama. "Tunayo," akasema.

Kisha Dagane, kwa sauti kubwa mno, bila kosa. "Tunayo." Kisha watoto wengine, kisha mama zao, kisha waume. Aliwajibu wote. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Makiwa, mwanangu."

Alinitazama kwa macho yale ya safu ya tatu. Hakujibu. Nilingoja mpaka ikawa aibu kungoja, nikarudi nyuma, hitima ikaanza.

Jumamosi, 1 Machi

Hakuja. Watoto walikaa vitini mwao muda wote wa somo. Niliwapa sarufi. Ladan aliuliza kama atarudi. Nikasema sijui, na nikaona kwamba ameniamini.

Bwana Amour hapokei simu zangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Pumzi ile sijaisikia tena ukumbini. Naisikia nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifungua ukumbi kama kawaida. Mabomba yaligonga, kisha nikagundua kwamba si mabomba, ni mlango.

"Shikamoo," akasema, akapita. Amekonda. Ana ile fulana, na miguuni, alipovua mabuti ya mvua, alivaa viatu vya manyoya vya zambarau. Alifundisha navyo, hata nje.

Somo lilikuwa mwangwi. Aliwapeleka uwanjani nyuma ya maduka, penye ukuta mrefu wa ghala, akawaambia wapige kofi wakiwa karibu, kisha warudi nyuma, wapige tena. Nilisimama na mwavuli.

"Sauti imepotea?" aliwauliza.

"Hapana!"

"Imekwenda wapi?"

"Inakuja!" wakasema, kila mtu kwa lugha yake. "Ukuta uko mbali, Misi! Ngoja!"

Baada ya somo niliosha vikombe. Yeye alikusanya nyaya zake, akaitia kaseti mfukoni mwa ndani, akavaa mabuti. Nilisimama kando ya mlango na funguo, kama kila Jumamosi. Alipita. Alishuka ngazi mpaka katikati, pale zinapopinda, akasimama.

"Mwalimu."

"Naam."

Hakugeuka.

"Tunayo," akasema, akaendelea kushuka.